Usubi wa Msituni na Siri ya Kaa

Hapana mtu aliyepita katika njia ya msituni wakati wa joto asiyejua adha ya wadudu wadogo wazungukao kichwa. Huja mmoja, kisha watatu, kisha kundi zima; huruka mbele ya macho, huingia masikioni, hutua pembeni mwa mdomo, na mkono uchokapo kupunga wao hawachoki. Kwa kuwa adha yao ni moja, sisi huwapa wote jina moja. Wengine husema usubi, wengine vinzi, na kila kabila lina neno lake. Lakini ni mara chache mtu kusimama na kuwatazama mmoja mmoja, ili ajue ni nani huyu na ataka nini kwetu.

Twataka katika kurasa hizi kueleza habari za watu waliosimama wakatazama. Maana katika kundi hilo la wadudu wasiohesabiwa kuwa kitu amejificha mmoja aliyenyang'anya macho ya watu wengi katika mabonde ya Afrika. Na kazi ya kumtenga na wenziwe, kumpa jina lake, na kuyajua makao ya watoto wake ilichukua zaidi ya miaka sabini. Wahenga walisema, Mdharau mwiba mguu huota tende. Na habari hii yaonyesha jinsi neno hilo lilivyo kweli.

Kwanza yafaa tuwapange wadudu wenyewe. Katika miombo ya Tanzania na ya nchi zilizo kusini yake, wale weusi wadogo wajazanao machoni na puani mara nyingi si inzi kabisa, bali ni nyuki wadogo wasiouma, ambao huja kunywa jasho na machozi. Dalili ya kuwatambua ni mabawa: nyuki ana mabawa manne, na inzi ana mawili tu. Hawa hawana dhara, na asali yao watu huitafuta katika matundu ya miti. Wa pili ni inzi wadogo wa machoni. Hao hawana mdomo wa kutoboa ngozi. Hulamba machozi na usaha, na huweza kuchukua uchafu wa jicho bovu la mtoto mmoja na kuupeleka katika jicho zima la mwingine. Wa tatu ni vile visubi vya mikokoni na vya mahali pa matope, ambavyo ni vidogo hata jicho huviona kwa shida, navyo huuma zaidi jioni na alfajiri. Wa nne ni kijidudu chenye manyoya, kirukacho usiku, ambacho kikitua husimamisha mabawa yake juu ya mgongo badala ya kuyalaza.

Wa tano ndiye tunayemtafuta. Wenye elimu ya wadudu humwita Simulium, nasi katika maneno haya tutamwita usubi wa mtoni. Urefu wake ni milimita 2 hata 4. Rangi yake ni nyeusi. Mgongo wake umeinuka kama wa ng'ombe mwenye nundu. Mabawa yake ni mapana, yasiyo na madoa. Na vipembe vyake ni vifupi na vinene. Huuma mchana, wala si usiku, na aumaye ni jike peke yake, kwa kuwa ahitaji damu ya kukuzia mayai yake. Katika Afrika mara nyingi hutua miguuni, chini ya goti, naye hana kelele. Hapo pana fundisho la kwanza. Yule apigaye kelele sikioni na kutuudhi usoni mara nyingi hana hatia kubwa. Mwenye hatia yuko kifundoni mwa mguu, kimya, akinywa.

Sasa hatia yake ni nini? Mwaka 1875 John O'Neill, tabibu wa manowari za Uingereza, alikuwa katika Pwani ya Dhahabu, ndiyo Ghana ya leo. Huko aliwaona watu wenye upele mbaya uwashao usiokoma. Akachukua vipande vidogo vya ngozi yao, akavitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, akaona ndani yake vijinyoo vyembamba vikijinyonga-nyonga. Mwaka 1893 Leuckart, mjuzi wa Ujerumani, alieleza habari za mnyoo mkubwa azaaye vijinyoo vile, ambaye huishi ndani ya vivimbe chini ya ngozi ya binadamu. Hata hapo mambo yalikuwa vipande vipande: ulijulikana mnyoo, na ulijulikana upele, lakini hapakuwa na mtu aliyejua mnyoo aingiaje mwilini, wala hapakuwa na mtu aliyeuunganisha na upofu.

Kipande kilichofuata kilipatikana mbali sana na Afrika. Mwaka 1915, katika mashamba ya kahawa ya milima ya Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, tabibu Rodolfo Robles aliwaona watu wenye vivimbe vichwani na macho mabovu. Alipovipasua vivimbe akawakuta minyoo. Akatambua kwamba minyoo na ugonjwa wa macho ni jambo moja. Na kwa kuwa ugonjwa ulikaa katika miinuko fulani tu ya milima, ambamo usubi walikuwa wengi, akawashuku usubi. Huko Guatemala usubi mkubwa wa ugonjwa hupenda kuuma sehemu za juu za mwili, na kwa hiyo vivimbe huonekana zaidi kichwani. Katika Afrika huuma chini, na vivimbe huonekana zaidi nyongani na kiunoni. Hivyo mdudu huandika njia yake juu ya mwili wa mtu, kwa yule ajuaye kusoma.

Lakini kushuku si kuthibitisha. Mwaka 1926 Donald Blacklock, aliyekuwa akifanya kazi Sierra Leone, ndiye aliyethibitisha. Aliwatazama usubi waliokunywa damu ya wagonjwa, akawaona vijinyoo wakikua ndani yao hatua kwa hatua, hata wakafika mdomoni mwa mdudu, tayari kuingia katika mtu mwingine. Ndipo mnyororo ulipotimia. Usubi humwuma mgonjwa, akavuta vijinyoo vilivyo ngozini. Hukaa navyo yapata juma moja au zaidi, navyo hukua. Kisha humwuma mtu mzima, akamwachia. Ndani ya mtu huyo mnyoo jike hukua akawa na urefu wa sentimita 30 na zaidi, akajikunja ndani ya kivimbe, akazaa vijinyoo vingi kila siku kwa miaka kumi na kupita. Vijinyoo hivyo hutembea ngozini, na vingine hufika jichoni. Vifapo jichoni huleta uvimbe na kovu, na kovu likizidi nuru huzimika. Upofu huo hauji kwa kuumwa mara moja. Huja kwa kuumwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kwa hiyo humpata mtu katika umri wa kulima na kulea watoto.

Tukija kwetu Afrika ya Mashariki, wenyeji hawakungoja darubini ili kumjua mdudu huyu. Watu wa kando ya Nile, hapo itokapo katika Ziwa Victoria Nyanza karibu na Jinja, walikuwa na jina lake, nalo ni mbwa. Na aliyewahi kuumwa naye hataliona jina hilo kuwa kali mno. Mwaka 1903 Theobald, mjuzi wa wadudu wa Uingereza, aliandika sifa za usubi kutoka Uganda, akamwita Simulium damnosum, yaani mwenye kudhuru. Huyo hukaa katika mito mikubwa yenye maporomoko, na mabuu yake hushika juu ya mawe na majani yaliyo katika maji yaendayo kasi. Ni rahisi kumwona: ondoa jani katika maporomoko, nawe utawakuta wameshikamana kama nywele fupi.

Katika Kenya, upande wa Nyanza na milima ya Kisii, mambo yalikuwa magumu zaidi. Huko katika mabonde ya Kodera, Riana na Kuja, na kaskazini zaidi pande za Kakamega, watu waliugua ugonjwa uleule na kupofuka. Lakini usubi aliyewauma hakuwa damnosum. Alikuwa mwingine, mweusi, mkubwa kidogo kwa mfano wa usubi, ambaye hakupenda uwanda wala jua; alikaa katika vivuli vya misitu iliyopakana na vijito vya milimani. Mwaka 1915 Roubaud, mjuzi wa Ufaransa, alikuwa amempa jina la Simulium neavei, kwa heshima ya Neave, aliyesafiri katika nchi hizi akikusanya wadudu. Basi jina lilikuwapo, na mdudu mwenyewe alikamatwa kila siku juu ya miguu ya watu. Jambo moja tu halikujulikana: watoto wake wako wapi?

Swali hilo halikuwa la mchezo. Mdudu arukaye msituni hawezi kufukuzwa mmoja mmoja. Hupigwa mahali azaliwapo, ambapo wote wamekusanyika. Watafutaji waligeuza mawe ya vijito, wakatazama majani, vijiti na mizizi iliyozama. Waliyakuta mabuu ya usubi wa namna nyingine, wasiodhuru mtu. Ya neavei hawakuyapata. Miaka ikapita hivyo, na mdudu aliye mwingi mabondeni akawa kama kiumbe asiyezaliwa.

Mwaka 1946 tabibu P. C. C. Garnham na J. P. McMahon, mjuzi wa wadudu, walikata shauri wasingoje jibu. Walifikiri hivi: mabuu ya usubi wote yajulikanayo hukaa katika maji yaendayo, basi na ya huyu, popote yalipo, hayana budi kuwa ndani ya vijito. Wakachagua bonde la Kodera, kwa kuwa limetengwa na misitu mingine, na usubi wa mahali pengine hangeweza kulirudia upesi. Wakatia dawa ya DDT katika vijito vyake kwa kipimo kidogo, wakarudia tena na tena kila baada ya siku kadha, ili buu litakaloanguliwa nyuma likute sumu kama lilivyokutwa la kwanza. Usubi wakapungua, kisha wakatoweka. Neavei aliondolewa Kodera kabla ya mtu yeyote kuwaona watoto wake.

Huenda msomaji akasema, Basi kulikuwa na haja gani tena ya kuyatafuta makao yake? Haja ilikuwapo. Kodera ni bonde moja dogo. Mito ya Nyanza ni mingi, na vijito viingiavyo humo ni vingi kuliko hesabu. Asiyejua buu liko wapi hajui kijito gani atie dawa na kipi akiache. Wala akiisha kutia, hajui kama amemaliza kazi au amebakiza wachache watakaoijaza nchi upya. Atabahatisha, na kubahatisha kwa sumu katika maji ya watu si jambo jema.

Jibu lilipatikana mwaka 1950, nalo likawashangaza wote. McMahon pamoja na V. D. van Someren, mtu wa kazi ya samaki, walitangaza katika gazeti la Nature kwamba mabuu ya usubi wa namna fulani hukaa juu ya miili ya wadudu wengine wa majini, na kwamba mabuu ya neavei hukaa juu ya kaa wa mtoni. Hayakuwa juu ya jiwe wala jani, kwa sababu yalikuwa juu ya gamba la mnyama atembeaye. Buu hujishikiza kwa kaa, likachukuliwa naye huku na huku katika maji yaendayo kasi, likichuja chakula chake majini. Wala halimli kaa, bali humfanya kuwa jiwe lake. Watu waliogeuza mawe kwa miaka mingi walikuwa wakiwafukuza kaa ili waone vizuri, na kumbe walichokitafuta kilikuwa kikikimbia pamoja na kaa.

Tangu hapo kazi ilikwenda kwa hesabu. Kijito chenye kaa wenye mabuu kilitiwa dawa. Na baada ya dawa, kaa walikamatwa tena na kutazamwa. Mabonde mengine ya Nyanza yakasafishwa moja baada ya moja, na mwaka 1958 McMahon, Highton na Goiny wakaandika habari ya kuondolewa kwa neavei katika Kenya. Hata hivyo minyoo iliyokuwa imekwisha ingia miilini haikutoka siku ile. Wachunguzi waliwapima watu wa mabonde hayo miaka 9, 11 na 18 baada ya usubi kuondoka, wakachapisha hesabu yao mwaka 1967. Ugonjwa ulikuwa umefifia kidogo kidogo, kadiri minyoo ilivyokufa kwa uzee wake, hata mwisho ukawa karibu kutoweka. Kwa hiyo inzi aweza kuondolewa kwa miezi, na alichokipanda hudumu muda wa mtoto kuzaliwa na kuwa kijana.

Hapo Jinja nako, tangu mwaka 1952 dawa ilitiwa katika Nile, na yule mbwa akaondolewa hapo baada ya kazi ya miaka mingi. Lakini damnosum alikuwa na siri yake pia. Mwaka 1966 Dunbar, aliyewachunguza mabuu wa Uganda, alionyesha kwamba waliodhaniwa kuwa usubi wa namna moja ni wa namna nne. Kwa macho wanafanana. Tofauti yao huonekana katika nyuzi ndogo mno zilizomo ndani ya chembe za mwili wa buu, ambazo hubeba urithi wa mzazi kwa mtoto. Baadaye wengi zaidi wa ukoo huo walitambuliwa katika nchi mbalimbali, na wengine wao hawajali damu ya mtu kabisa. Basi kazi ya kutambua haina mwisho wa haraka: kila jicho likiongezewa nguvu, kilichokuwa kimoja hugawanyika.

Yatupasa pia kusema gharama ya mambo haya. Buckley, aliyechunguza bonde la Riana, alionyesha katika maandishi ya mwaka 1951 kwamba neavei alitoweka mahali msitu wa mtoni ulipofyekwa, kwa kuwa alikosa kivuli. Ni njia ya kweli; lakini msitu ukiisha, chemchemi nazo huweza kukauka na udongo kuchukuliwa na mvua. Na DDT, iliyosifiwa sana siku zile, leo yajulikana kuwa hukaa muda mrefu katika udongo na katika miili ya viumbe, na hudhuru wasiokusudiwa. Hatusemi haya ili kuwashutumu waliookoa macho ya watu kwa silaha waliyokuwa nayo. Twasema ili ionekane ya kuwa kadiri adui ajulikanavyo vizuri, ndivyo silaha iwezavyo kuwa ndogo.

Tangu mwaka 1987 iko njia nyingine. Dawa iitwayo ivermectin, ambayo asili yake ni kiumbe kidogo cha udongoni kilichopatikana Japani, huwaua vijinyoo vilivyo ngozini, ijapokuwa haiwaui minyoo wakubwa. Kwa hiyo watu humeza mara moja au mbili kila mwaka, kwa miaka mingi. Kwa njia hiyo Guatemala, nchi ya Robles, ilithibitishwa mwaka 2016 kuwa imeuondoa ugonjwa huu. Katika Uganda, pande za Itwara na Mlima Elgon, dawa ya watu ilifuatana na dawa ya vijito, na kaa ndio waliofanywa mashahidi: ikiwa kaa wengi wamekamatwa wala hakuna mwenye buu, kijito kimetakata. Katika Tanzania kazi haijaisha. Katika milima ya Usambara yuko usubi mwingine wa ukoo wa neavei, ambaye naye hulea watoto wake juu ya kaa. Na huko Mahenge ugonjwa umekaa pamoja na kifafa kingi cha watoto na vijana, jambo ambalo limewafanya wachunguzi waitazame tena minyoo hii kwa hofu mpya.

Katika habari hii, waliofaulu hawakuwa na nguvu kuliko wenziwao. Walikuwa na uvumilivu wa kuuliza juu ya kitu ambacho wengine hukipungia mkono tu. Mwenyeji wa Nile aliyempa mdudu jina lake, tabibu aliyetazama kipande cha ngozi, na mtu wa samaki aliyetazama mgongo wa kaa, wote walifanya kazi moja. Shuleni tuna watoto wajuao vijito vya kwao kuliko ramani yoyote, na macho yao yangali makali. Tukiwafundisha kuhesabu mabawa kabla ya kupiga, na kuuliza mdudu huyu alizaliwa wapi kabla ya kusema ni usubi tu, tutakuwa tumewapa elimu ambayo siku moja yaweza kuliokoa bonde zima.